Abstract na concrete noun zinakuchanganya? Tafuta dalili yako hapa

Hii ni kwa wale ambao kwenye zoezi la nomino za Kiingereza kila siku wanapata nusu na hawaelewi nusu nyingine imepotelea wapi, na pia kwa mzazi unayemsaidia mtoto homuweki saa tatu usiku na mwenyewe ulishasahau. Sianzi somo la nomino tangu mwanzo, we tafuta tu kosa linalofanana na lako, soma limetoka wapi, rekebisha.

Ila kitu kimoja tukubaliane kwanza maana nitakirudia. Concrete noun inataja kitu ambacho angalau mlango mmoja kati ya ile mitano ya fahamu unakipata chenyewe. Abstract noun, yaani nomino dhahania, inataja wazo, sifa, hali au hisia ambayo akili ndo inaielewa. Hilo neno "chenyewe" lishike vizuri.

"Nimeweka wind, air, smell na thunder upande wa abstract, zote zimepigwa X"

Hili ndo kosa linaloongoza na mtoto hana hatia sana. Limetoka kwenye ile maana fupi iliyozoeleka, kwamba abstract noun ni jina la kitu kisichoonekana wala kushikika, nukta. Mtoto anaibeba hivyohivyo, anaangalia upepo hauonekani na haushikiki, anaandika abstract, na kwa alivyoambiwa yuko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba macho na mikono havimalizi milango mitano. Ngurumo unaipata kwa masikio, harufu kwa pua, upepo unakupiga usoni kabisa na ngozi inajua. Kwa hiyo "noise", "music", "perfume", "smoke", "heat" zote concrete, wala usijiulize mara mbili.

Kuna kundi lingine humohumo ambalo ni gumu kidogo, "oxygen", "bacteria", "virus", "atom". Hapa hata ukifungua milango yote mitano hupati kitu, oksijeni haina rangi, haina harufu, haina ladha. Lakini ina uzito, inajazwa kwenye mtungi na mtungi unaisha, na bakteria ukimweka chini ya hadubini unamwona. Kikiwa na mwili wake, hata uwe mdogo kiasi gani, ni concrete. Na hili sio ujanja wa juzi, sarufi ya Kigiriki inayobeba jina la Dionysius Thrax, mtu wa karne ya 2 kabla ya Kristo, inasema nomino inataja mwili au jambo, kisha kwa mwili inatoa mfano wa jiwe na kwa jambo inatoa mfano wa elimu. Jiwe na elimu. Mwanafunzi akishika hiyo mifano miwili tu ameshika kazi kubwa.

Na "ghost" je, na "mermaid"? Concrete. Hata kama huamini mizimu, anayesimulia anakuambia lilikuwa jeupe, lilisimama pale mlangoni, lina miguu ya hivi na hivi, yaani neno linataja kitu chenye umbo. Kuwepo au kutokuwepo ni mjadala mwingine, sarufi haiuingilii.

"Nimeandika anger ni concrete kwa sababu baba akikasirika namwona"

Kosa la kinyume chake, na linawapata sana wale walioshika kanuni ya milango mitano vizuri mno. Ulichokiona ni uso umekunjwa, ulichosikia ni mlango umebamizwa, hasira yenyewe hujaiona, umeona alama zake. Hapo ndo lile neno "chenyewe" linafanya kazi. Umaskini hivyohivyo, unaona paa linavuja na shati limechanika begani, "roof" na "shirt" zote concrete ila "poverty" inabaki abstract. "Tears" concrete, "sorrow" abstract. "Medal" concrete, "victory" abstract.

Kipimo kinachosaidia hapa ni kumwondoa mwenye nacho. Ondoa mwenye kiatu, kiatu kinabaki sakafuni. Ondoa mwenye hasira, hasira haibaki kwenye kiti. Kipimo hiki kina tundu lakini, matendo ya mwili kama "smile" au "cough" nayo hayabaki mtu akiondoka, ila tabasamu unaliona lenyewe na kikohozi unakisikia chenyewe, hivyo anza na milango ya fahamu kwanza halafu ukikwama ndo umwondoe mtu.

"Neno lenyewe nimelielewa ila mwalimu kaandika NOT A NOUN"

Angalia sentensi kama hizi, ukisahihisha madaftari ya kidato cha kwanza hazikosekani:

The man was full of angry.
Her honest surprised us.
I have hungry.

Hapa bado hatujafika kwenye abstract wala concrete, neno halijawa hata nomino. Angry, honest na hungry ni sifa kwa maana ya adjective, yaani vivumishi. Na chanzo chake kwa sisi tunaoongea Kiswahili kinaeleweka, sisi tunasema nina njaa, ana hasira, nasikia baridi, na njaa, hasira na baridi ni nomino tupu. Mwingereza kwenye maongezi ya kawaida anatumia sifa, "I am hungry", "he is angry", kwa hiyo sifa ndo zinakaa kichwani, siku ukiombwa nomino unachomoa sifa ileile.

Tiba ni fremu moja ya kuchomekea neno: "Her ____ surprised us." Weka "honesty", inaingia. Weka "honest", inagoma. "Her anger surprised us" sawa, "her angry surprised us" hapana. Ukiona neno limegoma kwenye fremu usilihangaikie, kalitafutie nomino yake: hungry ina hunger, poor ina poverty, proud ina pride, hot ina heat, brave ina bravery.

"Nimefuata mwisho wa neno kama tulivyofundishwa, bado nimekosa"

Hapa ndo pana kazi, tukae kidogo.

Ni kweli miisho inasaidia. Neno likiisha na -ness, -ity, -tion, -ment, -ship, -hood, -dom, -ism au -ance mara nyingi ni abstract: kindness, ability, education, punishment, friendship, childhood, wisdom, heroism, ignorance. Wengi wanaishia hapo, wanakariri orodha, wanaingia kwenye mtihani wanakutana na "witness" wanaweka abstract bila hata kusoma sentensi. Witness ni shahidi, mtu mzima anapanda kizimbani na kuapa! Ila ukikuta "to bear witness", yaani kutoa ushuhuda, hapo imerudi kuwa abstract, kwa hiyo sentensi isome tu.

Mitego mingine ya aina hiyo hii hapa, isome kwa sauti mara moja itakuokoa. Kwenye -ness kuna wilderness, ambayo ni pori, na harness, ile mikanda anayofungiwa farasi. Kwenye -ment kuna cement, garment, basement, pavement, apartment, instrument, vitu vizito kabisa. Kwenye -tion kuna station, plantation na lotion ya kujipaka. Kwenye -ity kuna city na university. Kwenye -ance kuna ambulance. Kwenye -hood kuna neighbourhood ambao ni mtaa, unatembea ndani yake. Battleship na spaceship hazina uhusiano wowote na friendship, hiyo ni meli imeunganishwa tu. Na -th ndo usiseme, kuna truth, health, growth, death upande mmoja, halafu tooth, mouth, cloth, path, moth upande wa pili.

Sasa utagunduaje? Kata mwisho, angalia kinachobaki. Kindness ukikata unabaki na kind, sifa inayojulikana, na maana imebaki ileile. Punishment unabaki na punish. Friendship unabaki na friend. Lakini cement ukikata -ment unabaki na "ce", garment unabaki na "gar", ambulance unabaki na "ambul", hakuna neno la Kiingereza hapo linalotembea peke yake, basi huo haukuwa mwisho, ni mwili wa neno. Wachache watakuponyoka, mfano apartment na pavement ukikata unapata apart na pave ambayo ni maneno kweli, hao wakariri hivyohivyo.

Upande wa pili wa tatizo hili ni zile swali za "andika abstract noun ya neno lifuatalo", ambapo mtu anaandika wiseness, longness, highness, poorness. Tena Highness ipo ila ni jina la heshima la wana wa kifalme, prince na princess, "Your Highness", sio urefu wa mlima. Kwa nini Kiingereza hakikuchagua mwisho mmoja tukapumzika? Historia. Waingereza wa kale walikuwa na miisho yao, -ness, -hood, -ship, -dom na -th, halafu mwaka 1066 William wa Normandy akavuka bahari akaiteka Uingereza, watawala wakawa wanaongea Kifaransa kwa vizazi, na maneno yakaingia na miisho yake, -ity, -ty, -ment, -ance, -tion. Ndo maana leo kuna freedom na liberty, brotherhood na fraternity, zote mbili zinaishi nyumba moja.

Kwa matumizi ya mtihani hiyo historia inakupa kanuni ya kukisia. Sifa fupi za nyumbani mara nyingi zinachukua -ness: kind, sad, dark, weak, ill, lazy inayogeuka laziness. Sifa zinazoishia na -able, -ible, -al, -ive nyingi zinachukua -ity: able inakuwa ability, possible inakuwa possibility, equal inakuwa equality, active inakuwa activity. Zinazoishia na -ous ni vigeugeu, generous inatoa generosity, curious inatoa curiosity, ila nervous inatoa nervousness, na dangerous yenyewe inarudi tu danger. Za vipimo zinataka -th: long length, wide width, deep depth, strong strength, na high imejitenga peke yake ikawa height.

Kutoka kwenye vitenzi kosa kubwa ni kuweka -er. Swali linasema andika abstract noun ya "sing", mtu anaandika singer. Singer ni mtu! Huyo yupo jukwaani ameshika maiki. -er na -or kwenye kitenzi mara nyingi zinakupa mtendaji, teacher, driver, governor, wote concrete. Unachotafuta ni jina la jambo lenyewe: decide decision, choose choice, believe belief, advise advice, fail failure, succeed success, lose loss. Kutoka kwa watu pia zipo, thief inatoa theft, slave slavery, hero heroism, infant infancy. Choice, belief, loss na theft hazina kanuni ya kuzikamata, zikariri.

"Jana hili neno lilikuwa concrete, leo mwalimu anasema abstract"

Wote wawili mko sahihi na hapa ndo napotaka kila mtu anielewe, maana orodha za kukariri ndo zinaua watu hapa. Neno la Kiingereza halizaliwi na lebo mgongoni, sentensi ndo inalipa lebo. Angalia hizi jozi taratibu:

In his youth he played football. Hapa youth ni ujana, abstract. A youth was arrested near the market. Hapa ni kijana wa watu, anaweza kupigwa picha, concrete.

Justice must be done, haki, abstract. The Chief Justice arrived late, ni Jaji Mkuu na gari lake, concrete.

The painting hangs in the hall, picha ukutani, concrete. Painting relaxes me, jambo unalolifanya, na hapa vitabu vingi vinaiweka abstract.

The room has two beds, chumba. There is no room for doubt, nafasi ya kimawazo tu, huwezi kufagia hapo.

He was born with a weak heart, huo ni moyo, daktari anausikiliza kwa mashine. She did not have the heart to tell him, hapo moyo ni ujasiri, abstract.

I enjoy your company, yaani kuwa pamoja nawe, abstract. The beauty of the island, abstract, ila "she was a beauty in her day" ni mwanamke, concrete.

Dawa ni kutolitazama neno likiwa peke yake. Chukua sentensi nzima, jiulize hapa linataja nini, halafu weka neno lingine la maana hiyo mahali pake uone. "A youth was arrested", weka boy, inakubali, basi concrete. "In his youth", weka boy, sentensi inavunjika, weka childhood, inakubali, basi abstract. Sekunde tano tu. Kama swali limekupa neno tupu bila sentensi, chukua maana yake ya kwanza inayojulikana na wengi, usianze ubunifu.

"Nimetafsiri Kiswahili kwanza, nikaona inaanza na U-"

Huu ujanja unazunguka mitaani. Uhuru, upendo, uzuri, umaskini, utoto, zote zinaanza na U na zote ni dhahania, mtu akajenga kanuni. Halafu vipi ukuta, ubao, ufunguo, uji na ugali? Ugali abstract! Na ukigeuza, time ni muda, idea ni wazo, dream ni ndoto, hazina U ya mwanzo na ni abstract zote. Achana nao.

"Abstract noun haina wingi, sasa mbona ideas imekubaliwa na informations imekatwa?"

Hapa kuna vitu viwili vimechanganywa. Kuhesabika ni suala moja, kuwa abstract au concrete ni lingine kabisa, na yanakatizana kwa hiyo kuna vyumba vinne. Chair ni concrete na inahesabika. Rice, furniture, luggage ni concrete na hazihesabiki, hakuna furnitures hata nyumba ikijaa makochi. Idea, problem, mistake, reason ni abstract na zinahesabika vizuri tu. Advice, information, knowledge, progress, evidence, honesty ni abstract na hazichukui s. Ukitaka kuzihesabu unaazima neno la mbele, a piece of advice, two pieces of information. Sisi tunaponzwa kwa sababu kwetu habari ni habari, unasema habari mbili, habari tatu, hakuna anayekushangaa.

Na kwa kuwa Kiswahili hakina "a" wala "the", wengi wanaipachika the kwa kubahatisha: "The life is hard." Ukiongelea maisha kwa ujumla acha the, "Life is hard". Ukiyabana yawe maisha ya mtu fulani au kundi fulani inarudi, "the life of a fisherman". Love, death, education, honesty zote zinafuata hivyohivyo. Kusema kweli kwenye kuandika insha hili la s na the litakunyima maksi nyingi kuliko hilo la abstract na concrete lenyewe, kwa sababu Kiingereza hakibadilishi umbo la sentensi eti neno ni dhahania, kinabadilisha kwa kuhesabika.

"Vitabu viwili, majibu mawili"

Yapo maneno ambayo hata wataalamu hawakubaliani, usijilaumu. Pain ni mojawapo, unaisikia mwilini kabisa ila vitabu vingi vinaiweka pamoja na hisia, abstract. Laughter unaisikia kwa masikio, wengine wanaiweka concrete, wengine wanaiona ni furaha tu. Government, je, ni watu au ni wazo? Gravity? Language? Money napo, noti na sarafu ni concrete bila ubishi, debt na wealth ni abstract, halafu salio la kwenye simu sijui nani atalipa kiti.

Mwaka 2014 watafiti Marc Brysbaert, Amy Beth Warriner na Victor Kuperman walitoa orodha ya maneno ya Kiingereza karibu 40,000, ambayo watu zaidi ya 4,000 waliyapa alama kuanzia 1, dhahania kabisa, hadi 5, concrete kabisa. Yaani hawakuwa na safu mbili, walikuwa na ngazi, na maneno kibao yanaangukia katikati ya ngazi. Daftari la shule lina safu mbili tu, basi kwa hayo ya katikati fuata maana iliyoandikwa kwenye kitabu mnachotumia darasani, sio cha jirani wala cha mtandaoni. Na kama swali limeacha nafasi ya maelezo, tia mstari mmoja wa sababu, "we hear it" kwa music, "it is a feeling" kwa pain, ili anayesahihisha aone ulitumia kipimo gani hata kama kitabu chake kinasema vingine.